Kengele ya Hewa ya Sumu

Wanafunzi wa kisomo huko Mkwajuni, leo tutajifunza juu ya kengele mbili za nyumbani: kengele ya moshi, na kengele ya hewa iitwayo kaboni monoksidi.

Hewa hiyo ni sumu itokayo katika mkaa, kuni au petroli iwakapo. Usiku wa mvua mtu huingiza jiko chumbani, akafunga mlango na dirisha. Mkaa umekuwa mwekundu, hautoi moshi, naye hudhani hapana hatari. Kumbe hatari ipo! Hewa hii haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika nafasi ya hewa safi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala aweza kufa asiamke. Vivyo hivyo mashine ya petroli ya kuvuta maji yaweza kuua wachimbaji wa dhahabu ndani ya duara.

Pua haiwezi kuitambua hewa hii, lakini kengele yake yaweza: sumu ikizidi, hulia kwa sauti kali. Kengele ya moshi peke yake haiitambui. Basi ukienda dukani, soma kwanza. Ya kaboni monoksidi huandikwa herufi CO.

Sasa jinsi ya kuitunza:

1. Iweke karibu na chumba cha kulala. Kengele ya moshi ifungwe juu darini, mbali na meko.
2. Kila mwezi bonyeza kitufe cha kujaribia. Isipolia, badili betri.
3. Ikilia mlio mfupi mmoja mmoja, kwa kawaida betri inakwisha. Usiitoe ukaiacha tupu.
4. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu.
5. Soma tarehe iliyoandikwa juu yake. Nyingi hudumu miaka 5 hadi 10. Kisha nunua nyingine.

Ikilia mfululizo, waamsheni wote, tokeni nje, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Je, asiye na kengele afanye nini? Jiko la mkaa lisilale chumbani kamwe, hata moto ukionekana umekufa. Na mwenye kengele afanye hivyo hivyo, maana kengele huonya tu, haiondoi sumu.

Maswali ya darasani: Kwa nini pua haitoshi? Kitufe hubonyezwa lini? Jiko lilale wapi?

Kwaherini, hadi somo lijalo.