Modemu Isiyoshika: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tulichunguza umeme, waya na kutu ya chumvi ambayo hula meno ya kila chombo kikaacho karibu na bahari; basi leo na tuchukulie kwamba hayo yote yamesalimika, kompyuta imekwisha kuitambua modemu, taa yake inamemeta, na juu ya hayo mwenye nyumba wa Palma au Kionga akitaka kufungua ukurasa hapati ila weupe mtupu. Aghalabu mtu hukasirikia chombo, akakichomoa, akakipuliza, akakirudisha, na mwenye fedha huenda dukani kununua kingine kabla hajakiuliza swali lililo la kwanza kwa kila mkazi wa mpakani: je, unazungumza na mnara wa nani?

Mpaka wetu wa Msumbiji na Tanzania una historia yake. Kionga ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaichukua mwaka 1916 katika Vita Vikuu vya Kwanza, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Tangu hapo mto Ruvuma ndio uliotutenga na jamaa zetu wa ng'ambo. Lakini mawimbi ya redio hayana habari na mikataba hiyo. Juu ya maji hayakuti kilima wala msitu wa kuyadhoofisha, na usiku wa joto, bahari ikiwa shwari, tabaka za hewa huweza kuyapinda yakafuata uso wa bahari hata yakafika mbali kuliko ada yake. Kwa hiyo nyumba iliyo pwani yaweza kupokea mnara wa Tanzania kwa nguvu kuliko mnara wa nchi yake. Modemu iliyoachiwa hiari, mnara wa kwao ukififia, yaweza kuufuata huo wenye nguvu, ilhali kadi ya SIM iliyomo ni ya kampuni ya Msumbiji, nayo ikiwa haikuruhusiwa kutumika nje ya nchi itakataliwa mlangoni. Na ikiwa imeruhusiwa, saldo, yaani salio, itakwisha kabla barua pepe moja haijafika.

Hapa pana mtego uliowanasa hata mafundi. Mtu hufungua programu ya modemu, akasoma jina Vodacom, nayo kadi yake ni ya Vodacom, akaridhika. Kumbe Vodacom ina minara kusini na kaskazini ya mto, na jina pekee si ithibati. Ithibati imo katika tarakimu. Kila mtandao duniani una namba yake, na tatu za mwanzo ni za nchi: 643 ni Msumbiji, 640 ni Tanzania. Vodacom ya kwetu ni 64304 na ya Tanzania ni 64004, zikihitilafiana kwa tarakimu moja tu. Katika kampuni nyingine za kwetu, Movitel ni 64303, na Tmcel 64301. Asiyeziona namba hizo na aitazame saa ya simu yake: Tanzania imetutangulia kwa saa moja, na simu ijirekebishayo yenyewe aghalabu huruka saa nzima mara inaposhika mnara wa ng'ambo, jambo ambalo mfungaji anayengoja magharibi ya Ramadhani hana budi kulijua kabla hajanyosha mkono kwenye tende.

Dawa yake ni kuiondolea modemu hiari. Katika sehemu ya mitandao acha uchaguzi wa modemu yenyewe, amuru itafute, nawe usiikatize, kwani huchukua dakika kadhaa. Kisha chagua mtandao wa kampuni yako wenye 643. Pamoja na hayo, iunge kwa waya wa nyongeza, uisogeze mpaka dirisha lielekealo bara, mbali na paa la bati, kwa kuwa bati huzuia mawimbi kuliko makuti.

Mnara ukiwa ndio na kurasa bado hazifunguki, tazama APN, yaani jina la mlango wa kampuni, ambalo aliyebadili kadi bila kubadili maandiko huliacha la kampuni ya zamani. Tazama pia kama megas, yaani data ulizonunua, hazijapitwa na muda.

Yamkini hakuna mnara wowote. Kimbunga Kenneth kilipopiga tarehe 25 Aprili 2019, na Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021 mawasiliano yakakatika, hapakuwa na ufundi wa nyumbani wa kufaa kitu. Kwa hiyo kabla ya kubadili lolote, itie kadi ya modemu katika simu: nayo ikikaa kimya, modemu haina lawama. Lakini ukiulizwa PIN usibahatishe, maana ukikosea mara tatu kadi hujifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia, na PUK ikikosewa mara kumi kadi imekufa, hapana budi kwenda kwa kampuni na hati yako ya utambulisho kuomba nyingine.