Chagua maji kabla ya kuchagua kitanda

Juma hili nimeletewa swali na kijana mmoja mwenyeji wa Kakonko, mkoani Kigoma, anayefanya kazi Dar es Salaam. Baba yake, mkulima aliyeinamia jembe kwa zaidi ya miaka 40, anasumbuliwa na magoti. Kijana huyu ameona picha za hoteli za maji moto za kisiwa cha Kyushu, huko Japani: mabwawa ya mawe, mvuke unapanda, wazee wamekaa majini hadi shingoni. Likizo yake inakaribia na ameweka akiba kidogo. Anauliza: huku kwetu, mzee wangu nimpeleke wapi?

Swali hili si la anasa. Ni la mtoto anayetaka kumpunguzia mzazi maumivu, na fedha alizo nazo zinatosha safari moja tu. Akichagua vibaya, mzee anaweza kurudi nyumbani na majeraha ya kuungua badala ya nafuu. Nimeona heri nilijibu hadharani, kwa kuwa wanaoulizana hivyo ni wengi.

Kwanza tuyaelewe maji yenyewe. Mvua inaponyesha, sehemu ya maji huzama ardhini. Kadiri yanavyoshuka ndivyo yanavyokutana na joto. Katika ardhi ya kawaida, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi za sentigredi kwa kila kilometa moja. Penye Bonde la Ufa huongezeka zaidi, kwani miamba imepasuka na moto wa chini uko karibu. Maji yaliyopata joto hupanda tena kupitia nyufa. Ndiyo maana tawi la magharibi la bonde hilo, lenye Ziwa Tanganyika, limezungukwa na maji moto: Sempaya na Kitagata nchini Uganda, Mashyuza nchini Rwanda, Mugara karibu na Rumonge nchini Burundi, hadi Songwe kule Mbeya.

Lakini maji hayo hayapandi matupu. Njiani huyeyusha miamba na kubeba madini. Watu wa Kigoma wana mfano mkubwa kule Uvinza, ambako chemchemi hutoa maji ya chumvi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu walikuwa wakiyachemsha kupata chumvi tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mahali pengine maji hubeba salfa, kwingine chokaa, kwingine floraidi. Kwa hiyo kusema "maji moto yanatibu" ni sawa na kusema "majani yanatibu". Majani gani? Ya mti upi?

Hapo ndipo Wajapani wanapoweza kutufaa, hata kama hatuna nauli ya kufika kwao. Mwaka 1948 walitunga sheria ya chemchemi za maji moto. Ili maji yaitwe kwa jina hilo, wanakokuita onsen, ni lazima yatoke ardhini yakiwa na joto la nyuzi 25 au zaidi, au yawe na kiasi kilichowekwa cha madini yaliyotajwa katika sheria. Mwenye nyumba ya kuoga hubandika ukutani karatasi inayoeleza joto la maji na yaliyomo. Mwaka 2004 ilifichuka kwamba huko Shirahone, katika mkoa wa Nagano, baadhi ya wenye nyumba walikuwa wakitia unga wa rangi ili maji yaonekane meupe kama zamani. Wateja walikasirika. Kuanzia mwaka 2005 kila nyumba ilitakiwa kutangaza pia kama maji yameongezwa maji baridi, yamepashwa moto, yanazungushwa kwa pampu au yametiwa dawa.

Msikilizaji anaweza kusema hayo ni mambo ya matajiri. La hasha. Mwaka 2002, katika nyumba moja ya kuoga mjini Hyuga, kwenye kisiwa hichohicho cha Kyushu, watu 7 walikufa kwa ugonjwa wa mapafu unaoletwa na bakteria wa lejonela, ambao huzaliana katika maji ya uvuguvugu yanayozungushwa bila kusafishwa vizuri. Jengo lilikuwa zuri. Kasoro ilikuwa katika maji.

Basi na sisi tuanze na maji, ndipo tuje kwenye kitanda. Nina maswali manne.

La kwanza: je, kweli ni ya moto, na ni ya moto kiasi gani? Jina lisikudanganye. Chemka, kule wilayani Hai, Kilimanjaro, watu wengi hupaita "maji moto", lakini anayejitosa hukuta maji maangavu yasiyo na moto wowote. Kinachoonekana kama kuchemka ni maji yanayobubujika kutoka ardhini. Ni mahali pazuri kwa vijana kuogelea, lakini si pa kukanda goti. Upande wa pili kuna Sempaya, katika hifadhi ya Semuliki, ambako wageni huchemsha mayai, na Ziwa Bogoria nchini Kenya, ambako maji huruka hewani yakitokota. Huko unakwenda kutazama, basi. Hata Wajapani, mjini Beppu, wana mabwawa yanayotokota wanayoyaita majehanamu. Wameyazungushia uzio na hakuna anayeoga humo. Mwili wa binadamu hustahimili nyuzi 40 hadi 42 kwa dakika chache. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde chache tu.

La pili: je, pana mahali pa kuogea palipotengwa na jicho la maji? Hapa nitaje sehemu mbili zenye historia. Mtagata ipo wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, katika nchi iliyokuwa ufalme wa Karagwe. Henry Stanley alipopita huko mwaka 1876, enzi za Mukama Rumanika, alikuta wagonjwa wamekuja kuoga. Kitagata iko ng'ambo ya mpaka, wilayani Sheema, Uganda. Hapo kuna machimbuko mawili: moja huitwa Ekyomugabe, kwa kuwa lilikuwa la Omugabe wa Ankole, na jingine watu wamelipa jina la Mulago, kama ile hospitali kubwa ya Kampala, kwa jinsi wagonjwa wanavyolikimbilia. Majina Mtagata na Kitagata yenyewe yana mzizi mmoja, wenye maana ya kupata joto. Hata hivyo, jicho la Kitagata hutajwa kufika nyuzi 80. Wenyeji hukaa pale maji yalipokwisha kutembea na kupoa. Mgeni naye afuate wenyeji. Achote kwanza kwenye ndoo, ayaache kidogo, kisha apime kwa kiwiko kama mama apimavyo maji ya mtoto.

La tatu: je, mwili wa mgonjwa unaruhusu? Maji ya joto hulegeza misuli na kutuliza viungo vilivyokakamaa. Hilo ni kweli, na mwenye magoti hupata nafuu kwa muda. Lakini joto hutanua mishipa na kushusha shinikizo la damu, na mzee akiinuka ghafla huona kizunguzungu na kuanguka. Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, mwenye kidonda kibichi, na mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi hawafai kuingia bila kumwuliza daktari. Aidha, maji moto hayachukui nafasi ya dawa. Anayetumia vidonge vya presha asiviache nyumbani kwa matumaini kwamba chemchemi itamaliza kazi.

La nne: je, yananyweka? Jibu langu ni fupi: usinywe mpaka yamepimwa. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Meno ya kahawia ya watu wengi wa Arusha ni ushahidi, na mifupa nayo huumia floraidi ikizidi kwa miaka. Kujaza dumu na kwenda kunywesha familia ni kupeleka nyumbani kitu usichokijua.

Baada ya hayo ndipo tuzungumzie kitanda. Hapa kwetu, hoteli iliyojengwa juu ya chemchemi ni chache. Kuna yenye bwawa la maji ya joto kule Bogoria, na kuna bwawa la Olkaria, karibu na Naivasha, linalotumia maji ya visima vya umeme wa mvuke. Mahali pengi, mgeni hulala mjini na kwenda kuoga asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo usiulize nyota za hoteli. Uliza kama choo hakihitaji kuchuchumaa, maana magoti ndiyo yaliyokupeleka. Uliza kama chumba hakina ngazi, kama kuna maji safi ya kunywa, na kama zahanati haiko mbali. Kitagata, kwa mfano, ina hospitali yake.

Sasa nimjibu kijana wetu. Kabla ya nauli, ampeleke mzee hospitali pale wilayani, apimwe presha, sukari na hayo magoti. Akiruhusiwa, njia ya karibu kutoka Kakonko ni ya kaskazini: Nyakanazi, Benaco, Kayanga, kisha Kyerwa, bila kuvuka mpaka. Asifunge safari yote kwa siku moja. Walale njiani, kwani goti lililokunjwa ndani ya basi kutwa nzima huvimba. Wakifika, mzee aingie majini kidogo kidogo, dakika 10 zinatosha kwa siku ya kwanza, na kijana asitoke kando yake. Asipopata nafuu baada ya siku tatu nne, waifunge mizigo bila majuto.

Na kama daktari atasema safari ni ndefu mno kwa mzee, fedha hizo zinunue beseni kubwa, kuni, na taulo mbili. Maji ya kisima cha Kakonko yakipashwa moto na kupimwa kwa kiwiko hukanda goti vilevile. Joto halina uraia.

Wakubwa wa wilaya zenye chemchemi nao wana kazi yao: kupima maji, kubandika ubao unaoonyesha joto na madini, na kuweka uzio penye kutokota. Ubao mmoja wa namna hiyo utamfaa mgonjwa kuliko hoteli kumi zisizojua zinauza maji gani. Tukutane juma lijalo.