MCHAKAMCHAKA: KWA NINI UKIKIMBIA PEKE YAKO UNAACHA MAPEMA



Kila Januari hapa Iwawa utawaona jamaa wanaibuka na raba mpya, saa 12 asubuhi wanapandisha kilima. Wiki ya pili mvua imepiga, ukungu umeshuka, huoni hata kivuli chao. Sicheki mtu, mimi mwenyewe nimeanza na kuacha mara tatu.

Wengi tunajiita wavivu, lakini naona tunajisingizia. Faida ya kukimbia unaipata mbele huko, miaka 20 ijayo, presha ikikukwepa. Maumivu unayapata leo hii hii, tena na baridi ya Makete ya mwezi wa 7. Binadamu gani atashinda hapo kila siku? Kitu kinachokaa ni kile kinachokupa raha papo hapo, na afya inakuja kama nyongeza.

Hili siyo jipya kwetu. Mnakumbuka mchakamchaka shule ya msingi? Asubuhi, peku, mmoja anaimbisha na wengine mnaitikia, mguu unapiga chini na wimbo. Hakuna aliyekuwa anawaza afya, mlikuwa mnashindana nani ana sauti. JKT nako ndiyo hivyo hivyo. Na kule Dar, hasa Temeke, kuna klabu za jogging kibao: Jumapili asubuhi wanatoka na fulana za rangi moja, nyimbo na vigelegele. Watu wanaamka kwa sababu hawataki kukosa utamu.

Wataalamu nao wamelipima. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitoa matokeo ya utafiti kwa wapiga makasia 12 wa chuo hicho. Kila mmoja alifanya mazoezi kwa mashine peke yake, siku nyingine pamoja na wenzake. Baada ya hapo wakawabana mkono kwa ule mpira wa kupimia presha kuona nani anavumilia maumivu. Waliofanya kwa pamoja walivumilia zaidi, ingawa kazi ilikuwa ile ile. Watafiti wakasema mwili unatoa zaidi zile kemikali zake za kupunguza maumivu na kuleta raha mkienda pamoja. Watu 12 ni wachache, nakubali, lakini muulize yeyote aliyepita JKT.

Kuna njia nyingine ya wasio na kundi. Marekani, mtafiti Katherine Milkman na wenzake (2014) waliwapa watu vitabu vya kusikiliza, hadithi tamu za kukatiza patamu, ila walioviacha gym walivipata huko huko tu. Mwanzoni walienda gym mara nyingi kuliko wengine, kwa asilimia 51. Halafu ikaja likizo, watu wakatawanyika, na mchezo ukafa. Kwa hiyo chukua muziki unaoupenda kuliko yote, usiusikilize popote isipokuwa barabarani. Ila ukisafiri wiki mbili, jua utaanza upya. (Sikio moja liache wazi jamani, tangu lami ifike magari hayana masihara.)

Na msidanganyike na ile habari ya siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally wa London ulionyesha wastani wa siku 66 mpaka jambo liwe mazoea, wengine 18, wengine ilikadiriwa 254. Kizuri ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wengi wetu tunakosa Jumanne moja halafu tunazika mradi mzima.

Kiwango chenyewe siyo kikubwa. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Wazee wetu walizimaliza kabla ya mchana, mzigo kichwani. Sisi bodaboda ipo mlangoni, na ndugu zetu waliokwenda Kariakoo wanakaa dukani toka asubuhi mpaka usiku. Miili ni ile ile, jasho ndiyo halipo. Mwenye presha au moyo amwone daktari kwanza, na mgeni aliyetoka Dar asianze kwa mbio, huku ni juu na pumzi itamkatikia.

Jambo moja tu: tusimalizie kwenye ulanzi. Viazi na njegere za moto zinatosha kabisa.

Sisi tumeanza wanne, Jumamosi saa 12 na nusu. Wiki ya 5 sasa, hakuna aliyeacha. Tunachogombania ni nani aimbishe, maana mwenye sauti nzuri ndiye anayechelewa kuamka.