Filta ya mafuta: Kifaa kilichojificha chini ya kiti cha watoto

Gari limejaa. Mbele wamekaa baba na mama, nyuma watoto watatu, na buti limefungwa kwa kusukumwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro safari imekwenda vizuri, lakini gari linapoanza kupanda mlima Kitonga, linajivuta. Baba anakanyaga mafuta, gari haliitiki. Nyuma kuna lori, mbele kuna kona.

Hali kama hiyo huwakuta wazazi wanaosafiri na familia wakati wa likizo, na lawama ya kwanza huenda kwenye injini. Lakini sababu inaweza kuwa kifaa kidogo ambacho hakijaguswa tangu gari linunuliwe: filta ya mafuta.

Kazi ya filta ni kuchuja vumbi, kutu na uchafu mwingine kabla mafuta hayajafika kwenye injini. Nozeli zinazonyunyiza mafuta zina vitundu vidogo sana, hivyo uchafu kidogo tu unatosha kuziziba. Filta ikijaa uchafu, mafuta hupita kwa shida. Mjini, gari likitembea taratibu, dereva anaweza asione tofauti. Likibeba mzigo, likipanda mlima au likitaka kulipita jingine, ndipo linapokosa nguvu. Pampu ya mafuta nayo hulazimika kufanya kazi kupita kiasi na inaweza kuungua.

Iko wapi?

Kwenye magari mengi ya zamani, filta iko chini ya boneti au chini ya gari karibu na tangi. Ni kikopo kidogo chenye bomba la kuingiza na la kutoa mafuta.

Kwenye magari mengi madogo ya petroli yanayoonekana barabarani leo, Toyota Vitz na IST yakiwamo, filta imo ndani ya tangi pamoja na pampu. Fundi huifikia kwa kuinua kiti cha nyuma na kufungua kifuniko kilichopo sakafuni, palepale wanapokaa watoto.

Magari ya dizeli kama Hilux na Land Cruiser huwa na filta chini ya boneti, na kwa chini ina sehemu ya kutolea maji yaliyochanganyika na mafuta. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, isipuuzwe.

Si kazi ya uani

Kwa kuwa filta nyingi ziko ndani ya tangi, kazi hii ni ya fundi anayeifahamu, na ifanyike mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, husambaa chini chini na unaweza kushika moto kutoka kwenye jiko la mkaa au sigara iliyo mbali kidogo. Watoto wasiwe karibu, na kizimamoto kiwepo.

Fundi makini huanza kwa kupunguza msukumo wa mafuta: huchomoa fyuzi ya pampu, huwasha injini mpaka izime yenyewe, kisha hufungua waya hasi wa betri. Kwa filta ya ndani ya tangi, ni vizuri mafuta yawe kidogo ili yasimwagike. Filta ya nje ina mshale unaoonyesha mafuta yanakoelekea, na ikifungwa kinyume itasumbua.

Baadhi ya mafundi huipuliza filta kwa kompresa na kuirudisha. Filta ya karatasi haisafishiki hivyo. Upepo unaweza kuichana na uchafu ukapita moja kwa moja. Ibadilishwe. Kwa kuwa vitabu vya magari mengi yaliyotumika Japani vimeandikwa Kijapani, dukani ni salama zaidi kwenda na namba ya chesisi kuliko kutaja jina la gari tu.

Harufu isipuuzwe

Kazi ikiisha, mzazi asiondoke kabla ya kuuliza jambo moja: mpira wa duara unaoziba tangi, ambao mafundi huuita oringi, umewekwa mpya? Ukiwa umechakaa au umekaa vibaya, mvuke wa petroli huingia ndani ya gari, na wa kwanza kuuvuta ni watoto waliokaa juu yake. Gari liwashwe, likaguliwe kama linavuja, lifungwe vioo kwa muda, kisha linuswe. Likinuka petroli, watoto wasipande mpaka tatizo lirekebishwe.

Hatari nyingine ni mafuta yaliyotolewa kwenye tangi. Yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto hajui tofauti. Wala fundi asiyanyonye kwa mpira mbele ya watoto, maana wataiga. Mtoto akimeza petroli asilazimishwe kutapika, kwani inaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali mara moja.

Kuzuia uchafu

Filta hudumu zaidi iwapo mafuta hayanunuliwi kwenye vidumu vya barabarani na tangi haliachwi karibu tupu kila siku. Petroli ndiyo inayoipooza pampu iliyomo ndani ya tangi, hivyo kutembea taa ya mafuta ikiwaka huichosha.

Si kila gari linalojivuta lina tatizo la filta. Plagi, filta ya hewa au pampu yenyewe inaweza kuhusika, na fundi mwenye geji atapima msukumo wa mafuta kabla ya kubadilisha chochote. Ukaguzi huo ufanyike wiki moja kabla ya safari, si usiku wa kuamkia. Kama kuna kasoro, ijitokeze mtaani karibu na gereji, kuliko Kitonga watoto wakiwa nyuma.