Mchirizi Hutoboa, Ukungu Huingia

Mwiba wa mgunga ukikuchoma kidoleni utajua papo hapo. Mchirizi wa maji ya presha kutoka mashine ya kuoshea magari unaweza kuacha tundu dogo kuliko la mwiba huo, bila damu nyingi na bila maumivu ya kukufanya uache kazi. Saa chache baadaye kidole kimevimba, kimepauka na hakikunjiki. Madaktari wameujua udanganyifu huu tangu 1937, mwaka ambao C. E. Rees aliandika katika jarida la madaktari wa Marekani kuhusu mafuta ya dizeli yaliyopenya mwilini yakitoka kwenye injini yenye presha kubwa. Wagonjwa wa namna hiyo bado hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, kwa sababu ileile: kidonda kinaonekana si kitu.

Mjini Garissa mashine za aina hii ni sehemu ya riziki. Malori ya mifugo, mabasi ya Wajir na Mandera na magari yanayokwenda Dadaab hufika yamejaa vumbi, na vijana huyaosha. Mafundi wa dizeli hufungua na kupima nozeli za injini. Wapaka rangi wa majengo mapya wameanza kuacha brashi na kushika mashine za kurusha rangi. Kando ya Mto Tana, wakulima wa maembe, ndizi, nyanya na tikiti hunyunyizia dawa, wengine kwa pampu ya mgongoni, wengine kwa pampu ya injini yenye mpira mrefu unaofikia kilele cha mwembe. Kazi ni tofauti, lakini hatari zake zinatokana na jambo moja, yaani kioevu kilichosukumwa kwa nguvu kupita kwenye tundu jembamba. Kikitoka kimeshikana, hutoboa. Kikitoka kimevunjikavunjika, huwa ukungu unaoingia mwilini kwa ngozi na pumzi.

Tuanze na mchirizi, na tuanze na namba, maana watu wengi hawajui wameshika nini. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo hadi presha ya 30 hivi, kwa kipimo cha paundi kwa kila inchi mraba. Pampu ya mgongoni hufanya kazi kwenye 45 au karibu na hapo. Presha ya 100 tu inatosha kupasua ngozi ya binadamu iliyo karibu na mdomo wa bomba. Sasa mashine ndogo ya umeme ya kuoshea magari hutoa takriban 1,500, ile ya petroli hufika 3,000, na mashine ya kurusha rangi bila upepo nayo hufika 3,000 au kupita. Injini mpya za dizeli husukuma mafuta kwa presha inayozidi 20,000. Glovu ya kawaida, iwe ya mpira au ya ngozi, haizuii kitu mbele ya nguvu hiyo.

Kinachofuata ndani ya mkono ndicho kinachofanya jeraha hili liwe baya. Kioevu hakibaki pale kilipoingilia. Kinatafuta njia rahisi, na njia rahisi mkononi ni ala zinazozunguka kano za vidole. Ala ya kidole gumba na ya kidole kidogo kwa kawaida huendelea hadi kiganjani na kwenye kifundo, kwa hiyo rangi iliyoingilia ncha ya kidole inaweza kukutwa karibu na mkono wa chini. Ikishajaa humo hubana mishipa ya damu, na nyama huanza kukosa hewa. Kisha kemikali yenyewe huunguza, hasa tina ya kuyeyushia rangi, petroli na rangi za mafuta. Mwisho huja vijidudu. Maji matupu hudhuru kidogo kuliko rangi au dizeli, lakini maji ya mtoni yaliyochanganyika na sabuni na matope ya lori la ng'ombe si maji matupu.

Mwaka 2006 madaktari wawili, Hogan na Ruland, walichapisha mapitio ya visa 435 vya majeraha ya mkono ya aina hii kutoka maandiko ya kitabibu. Asilimia 30 ya visa hivyo viliishia kwa kukatwa kiungo. Waligundua pia kwamba, kwa kemikali kama tina na rangi, mgonjwa aliyepasuliwa na kusafishwa mapema, ndani ya saa 6, alikuwa na nafasi bora ya kubaki na kidole chake.

Saa 6. Mtu wa Nairobi anaweza kuzisoma bila wasiwasi. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370 kupitia Mwingi na Thika, na kutoka Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya mara mbili ya umbali huo. Kijana akiumia asubuhi, akafunga kitambaa, akaendelea kuosha magari hadi jioni, akaamka na mkono uliovimba ndipo atafute usafiri, ule muda umeshapita kabla hajaondoka. Kwa hiyo ushauri wa vitabu vya ng'ambo kwamba "muone daktari" hautoshi huku. Inabidi uamuzi ufanywe dakika ileile, mtu akiwa bado hasikii maumivu, na hilo ndilo jambo gumu kumshawishi mtu mwenye gari la tatu kwenye foleni.

Ukitobolewa, zima mashine na uondoke. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, suuza juujuu kwa maji ya kawaida, uinue mkono na usile, kwa sababu huenda ukapelekwa chumba cha upasuaji. Usikamue tundu. Usilichokonoe kwa wembe, usikande kwa maji moto, na usifunge kamba kwenye mkono. Chukua mkebe wa rangi au chupa ya sabuni uende nayo, kisha mwambie mhudumu wa kwanza utakayemkuta, hata kama ni wa zahanati, maneno haya: nimeingiwa na rangi, au dizeli, kwa mashine ya presha, saa fulani. Ukisema tu "nimejikata" utapewa dawa ya maumivu, sindano ya pepopunda na plasta. Sindano hiyo unaihitaji, ila haitoi rangi iliyoko ndani. Mhudumu naye asikidunge ganzi kidole chenyewe, kwani kuongeza maji ndani ya kidole kilichokwisha kujaa ni kuzidisha kubanwa.

Ajali nyingi za namna hii hutokea kwa mkono usiotumika sana, hasa kidole cha shahada, na sababu yake inaeleweka ukimtazama mtu kazini. Mkono wa kulia umeshika triga, wa kushoto unagusagusa: unafuta mdomo wa bomba, unatafuta pale mpira unapovuja, unashikilia kitu kinachooshwa. Mpira unaovuja usitafutwe kwa kidole kamwe. Pitisha kipande cha kartoni juu yake, uone kinapolowa. Kabla ya kufungua au kuzibua nozeli, zima injini, funga maji, kisha bonyeza triga hadi matone yaishe, kwa sababu mashine iliyozimwa bado huwa na presha ndani ya mpira. Triga isifungwe kwa waya ili kidole kipumzike. Nozeli za mashine nyingi zina rangi zinazoonyesha upana wa mchirizi: nyekundu hutoa mchirizi ulionyooka kabisa, njano nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40. Nyekundu haina kazi kwenye gari la mtu. Na ule mchezo wa kuosha miguu na ndala kwa mashine mwisho wa siku, ambao kila mwosha magari ameufanya au ameuona, ndio ninaouogopa kuliko yote, maana hapo mtu anajilenga mwenyewe kwa hiari.

Umeme na maji ni habari ndefu. Hapa itoshe kusema waya uliofungwa kwa plastiki usipite kwenye dimbwi, na mashine ya petroli isiwashwe ndani ya chumba, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.

Ukungu ni mwalimu mwingine, na eneo hili lilipata somo lake kubwa si zamani. Desemba 28, 2019, makundi ya nzige wa jangwani yaliingia Mandera. Ndani ya wiki chache yalikuwa Wajir, Garissa, Marsabit na Samburu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisema Kenya haikuwa imeona uvamizi wa kiasi hicho kwa miaka 70. Ndege zilinyunyizia kutoka juu, na ardhini vikosi vilivyojumuisha vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, vilibeba mashine mgongoni na juu ya magari. Miongoni mwa dawa zilizotumika zilikuwa fenitrothion na chlorpyrifos, zote za jamii ya oganofosfati.

Mashine nyingi za nzige hazitegemei presha kubwa. Huvunja dawa kwa kisahani kinachozunguka kwa kasi au kwa upepo wa feni. Lengo ni matone madogo sana, ya mikroni 50 hadi 100, unene wa unywele hivi. Hesabu yake ni hii: tone la mikroni 400 ukilivunja hadi mikroni 100 unapata matone 64. Ndiyo maana nusu lita hadi lita moja ya dawa inatosha hekta nzima, ilhali mkulima wa pampu ya mgongoni huhitaji lita 200 hivi za mchanganyiko. Lakini dawa hiyo ya nzige haichanganywi na maji. Tone moja linalokuangukia ni dawa kamili.

Tone la mikroni 100 hushuka mita tatu kwa sekunde kama 11 pasipo upepo. La mikroni 20 huchukua zaidi ya dakika nne. Katika muda huo upepo unaweza kulifikisha kwenye boma, kisima au zizi la jirani. Wengi hudhani hali bora ya kunyunyizia dawa ya nzige ni hewa iliyotulia kabisa. Sivyo. Panahitajika upepo mwepesi wa upande mmoja, mnyunyiziaji atembee akiukata, aanzie mwisho ambako upepo unaelekea, na kila mstari mpya usogee kule upepo unakotoka, ili asipite ndani ya ukungu aliouacha. Adhuhuri ya Garissa haifai, kwani hewa iliyopata moto ardhini hupanda na kubeba dawa juu. Alfajiri nzige wamejaa baridi mitini na hawaruki, nayo hewa haijaanza kupanda.

Oganofosfati huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva baada ya kufika kwenye misuli na tezi. Kikizuiwa, ujumbe hauzimiki. Mate na machozi hutoka, jasho hububujika, mboni hubana hadi nukta, tumbo husokota, misuli hutetema, na mwishowe pumzi hushindwa. Hospitali hutibu kwa atropini na oksijeni. Kabla ya hapo mvue mgonjwa nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi ukiwa umevaa glovu, na ubebe chupa yenye lebo. Maziwa si dawa ya sumu hii, hata ya ngamia.

Mkulima wa kando ya Tana anayejitahidi hujifunga kitambaa puani na kuamini amejikinga. Pua inastahili kukingwa, lakini kwa mnyunyiziaji dawa nyingi huingia kwa ngozi. Mwaka 1971 Howard Maibach na wenzake walichapisha vipimo vya dawa ya parathion kwa wanaume: ngozi ya mkono wa chini ilipitisha asilimia 8.6 ya dawa, ya korodani ikapitisha karibu yote. Pampu kuukuu huvuja mgongoni, dawa ikashuka hadi kiunoni, na kikoi kilicholowa hukaa hapo hadi adhuhuri. Jasho huongeza upenyezaji. Kwa hiyo suruali ndefu ya pamba, buti zenye suruali juu yake na kifuniko cha pampu kisichovuja vina thamani kuliko kitambaa cha puani. Suti nzito ya plastiki katika nyuzi 36 ni hatari ya aina nyingine. Afadhali uanze kazi alfajiri na kuimaliza kabla jua halijawa kali.

Nozeli ikiziba, isipulizwe kwa mdomo. Tumia brashi laini au ubua wa nyasi. Miraa isubiri mpaka mikono ioshwe kwa sabuni, kwa sababu mkono unaotoa jani mdomoni ndio ule uliofungua chupa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo inampa mfanyakazi aliyeumia haki ya fidia. Tatizo la kuosha magari na la shamba la kukodi ni kwamba kijana hulipwa kwa gari au kwa tangi, na hakuna anayejiita mwajiri mpaka siku ya kugawana pesa. Serikali ya kaunti inayotoa leseni za biashara hizi ingeweza kuanza kwa kuuliza jambo moja tu wakati wa kuzihuisha: nani amefundishwa kuitumia mashine hii?

Pampu nayo haioshwi mtoni, ambako chini yake mwingine anachota maji au kutawadha. Chupa ya dawa husuuzwa mara tatu, maji hayo humwagwa ndani ya pampu na kunyunyiziwa shambani, kisha chupa hutobolewa chini ili asije mtu akaichukua kwenda nayo kukamulia maziwa.