Mbwa ya nguvu si pambo: tufikiri mbele ya kuchanganya mbegu

Wizi katika mashamba na madepo unafanya wanamemba wengi watafute mbwa kubwa ya kulinda. Lakini mbwa ya nguvu iliyozalishwa ovyo inaweza kuletea koperative hasara kuliko mwizi mwenyewe. Soma, halafu mzungumze katika mukutano wenu.

Kila musimu wa mavuno swali ni lile lile: nani atalinda depo? Kahawa iko juu ya meza za kukausha, mahindi iko ndani ya mifuko, mbuzi ziko zizini, na mulinzi wa usiku ni mutu mumoja tu. Njo maana wanamemba wengine wanasema: tununue mbwa kubwa. Wazo hilo si baya. Mbwa inalinda mali ya mukulima tangu wakati wa mababu. Shida inaanza pale mbwa inatoka kwa mutu anayechanganya mbegu za nguvu bila kujua anatafuta nini, na inaingia kwa mutu anayetaka tu mbwa ya kuogopesha majirani.

KILA MBEGU IKO NA KAZI YAKE

Mbwa tunazoita «za wazungu» hazikuanguka toka mbinguni. Watu walizichagua kwa miaka mingi, kila moja juu ya kazi yake. Berger allemand ilitengenezwa huko Ujerumani kuanzia 1899 kwa kuchunga kondoo. Nyuma yake njo ikaingia katika kazi ya polisi na jeshi. Malinois, ya Ubelgiji, nayo ni mbwa ya kuchunga: haina uzito mkubwa, lakini haichoki, na inataka kazi kila siku. Rottweiler ilikuwa inaswaga ng'ombe na kulinda mali ya wachinjaji katika Ujerumani ya kusini. Boerboel ya Afrika ya Kusini ilizalishwa kwa kulinda mashamba yaliyo mbali na muji, na dume inaweza kupita kilo 60.

Ndani ya kila mbegu kuna nguvu na kuna breki. Mbwa ya kuchunga inapenda kukimbiza kila kitu kinachotembea, lakini imechaguliwa ili isikilize sauti ya bwana wake. Mbwa ya kulinda iko nzito na haiogopi, lakini ile nzuri haitokitoki kwa kila kelele. Mutu akichukua Malinois na kuipandisha na Boerboel kwa sababu tu anataka «mbwa kali zaidi», anaweza kupata mbwa yenye uzito wa ile moja na haraka ya ile ingine, bila breki ya yoyote. Mbwa ya namna hiyo ikikimbiza mutoto anayetoka masomo, kuita jina lake hakutasaidia.

SAWA VILE MAHINDI YA HIBRIDI

Wakulima tunaelewa jambo hili kuliko watu wa muji. Ukipanda mahindi ya hibridi, mwaka wa kwanza shamba inakuwa sawasawa. Ukichukua mbegu ya mavuno yale na kuirudisha udongoni, mwaka wa pili unaona mahindi marefu, mafupi, nyingine zenye kuzaa vizuri, nyingine hapana. Damu imegawanyika upya, kila mmea na bahati yake.

Kwa mbwa ni vilevile. Watoto saba wa tumbo moja hawafanani. Ukipandisha mbwa ya mchanganyiko na ingine ya mchanganyiko, tofauti zinaongezeka: mumoja mpole, mumoja muoga, mumoja mukali. Na muoga asidharauliwe: mbwa inayoogopa inauma haraka. Muuzaji anayekuambia kwamba wote watakuwa «wakubwa kama baba na wapole kama mama» anauza ndoto.

Kuna na ubaya wa upande mwingine: kuzalisha ndugu na ndugu, ao baba na binti, kusudi umbo lisipotee. Mfano uko karibu sana na sisi. Basenji ni mbwa ya wawindaji wa misitu ya Kongo, ile inayovalishwa kengele ya mbao shingoni na isiyobweka kama mbwa zingine. Watu wa ng'ambo walipeleka kwao chache tu katika miaka ya 1930, na wakazizalisha kati yao. Ugonjwa wa figo ukaenea katika ukoo ule. Katika miaka ya 1980 Wamarekani walirudi hapa, wakati nchi ilikuwa ingali Zaire, kutafuta damu mupya. Damu chache inaleta ugonjwa, kwa mbwa kama kwa mbuzi.

Tusisahau mama. Jike ndogo ya kijiji ikipandwa na dume ya kilo 50, inaweza kuumia wakati wa kupandwa ao kushindwa kuzaa. Pahali hakuna veterineri wa kupasua, jike inakufa na watoto ndani.

UINGEREZA: NCHI ILIYOCHELEWA

Tazama mambo yaliyotokea Uingereza. Tangu 1991 nchi ile iko na sheria inayokataza mbwa za jamii ya pit bull. Lakini kukatokea mbwa mupya, XL Bully, ambayo mwanzo wake ni Marekani: watu walichanganya damu ya pit bull na mbwa zingine nzito mpaka wakapata mbwa ya kichwa kikubwa na kifua kipana. Ilikuwa inauzwa kwa watu wa muji kama mbwa ya nyumbani. Wazalishaji walitafuta ukubwa na sura. Tabia walijali kidogo.

Nyuma ya mashambulizi yaliyoua watu, watoto ndani yao, serikali iliingiza mbwa hiyo katika sheria ya mbwa za hatari tarehe 31 Oktoba 2023. Kuanzia 31 Desemba 2023, katika England na Wales kuizalisha, kuiuza, kuitoa zawadi ao kuiacha njiani kukawa kosa. Kuanzia 1 Februari 2024, kuwa nayo bila cheti kukawa kosa. Na anayepewa cheti anapaswa kuihasi, kuitia asiransi, na kuifunga kamba na mdomo kila inapotoka nje. Wenye hawakuweza masharti hayo walipeleka mbwa zao kwa veterineri zikauawe.

Mbwa nyingi kati ya zile hazikuwa zimeuma mutu. Zililipa deni la watu waliozizalisha kwa faida ya haraka. Majuto ni mjukuu, na huko mjukuu alikuja na jeneza.

NAMIBIA NA BOTSWANA: KAZI ILIYOFANYWA KWA AKILI

Sasa tuangalie upande mwingine. Namibia wafugaji walikuwa wanaua duma kwa sababu inakula mbuzi na kondoo. Tangu 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund, lililoanzishwa na Laurie Marker, linatoa kwa wafugaji mbwa za kulinda mifugo zenye asili ya Uturuki, za jamii ya Kangal. Ni mbwa kubwa, nyingi zinapita kilo 40. Wafugaji wengi walioipata walisema hasara yao ilipunguka sana.

Kwa nini mbwa ile kubwa haikuleta balaa? Kwa sababu kila hatua iko na mutu anayeifuata. Watoto wa mbwa wanakulia kati ya mbuzi tangu wangali wadogo, mpaka wanaona mbuzi kama ndugu zao. Mufugaji hapewi mbwa bila kwanza kuangaliwa kama ataweza kuilisha na kuitunza. Nyuma ya kupewa, wafanyakazi wanamutembelea na kuangalia afya na tabia ya mbwa. Na mbwa zinahasiwa, kusudi kusitoke mchanganyiko wa ovyo kijijini.

Botswana walijifunza jambo lingine linalotuhusu zaidi. Watafiti waliangalia mbwa za kienyeji, zile za kijiji, na wakaona zinalinda mifugo vizuri kama zimelelewa pamoja na mifugo tangu utoto. Tena chakula yake na dawa yake ni bei ndogo. Ndugu mwanamemba, fikiri: mbwa ya kilo 50 inahitaji chakula karibu mara tatu ya mbwa ya kilo 12. Kama nyumbani watoto wanakula mara moja kwa siku, mbwa ile itakula nini? Itatafuta yenyewe, na kuku za jirani njo ziko karibu.

Hapa kwetu pia kuna mfano. Parki ya Virunga iko na kikosi cha mbwa za kazi tangu 2011, zinazofuata harufu ya wawindaji haramu. Kila mbwa iko na walinzi waliofundishwa kufanya kazi nayo. Hakuna anayeifungulia tu ikatembee sokoni.

MBWA IKIUMA, NANI ANALIPA?

Wanamemba wengi hawajui jambo hili. Katika sheria yetu ya Kongo, Code civil, kitabu cha tatu, artikle 261, inasema kwamba mwenye nyama, ao mutu anayeitumia, anajibu juu ya hasara ambayo nyama hiyo imefanya, ikiwa chini ya ulinzi wake, ikiwa imepotea, ao ikiwa imetoroka. Kusema «kamba ilikatika» hakukutoi ndani ya deni.

Kwa koperative maana yake ni hii: kama mbwa ya depo imeuma mutoto ao imeua mbuzi tano za jirani, kesi inakuja kwa koperative. Pesa ya kulipa itatoka katika sanduku la wanamemba wote, hata wale waliokataa mbwa isinunuliwe. Na zaidi ya pesa, kuna ujirani. Koperative inayoogopwa na kijiji haitapata wanamemba wapya.

KICHAA CHA MBWA HAKICHEKI

Kila mbwa, ya kienyeji ao ya mchanganyiko, inaweza kuleta kichaa cha mbwa, ugonjwa wenye wengine wanaita raje. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba raje inaua watu karibu 59 000 kila mwaka duniani, na karibu wote waliipata kwa mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mutu, karibu kila mara ni kifo. Lakini mbele ya dalili, vaksini inaokoa.

Mbwa ikiuma mutu, osha kidonda mara moja kwa maji mingi na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbia kituo cha afya siku ile ile. Usipake mafuta, majivu wala majani. Usingoje kuona kama mbwa itakufa. Tena mbwa ya nguvu inauma ndani zaidi, na mutoto mufupi anaumwa kichwani na shingoni. Katika kijiji, kama mbwa 70 kwa 100 zimepata vaksini, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

MBELE YA KUNUNUA, TUULIZANE

Komite ya koperative inaweza kupitisha maswali haya mu mukutano, mbele franka moja haijatoka:

1. Tunataka mbwa ifanye nini kabisa: kubweka usiku, kufukuza nyama za pori, ao kukaa na mbuzi? Kwa kubweka, mbwa mbili za kienyeji zinatosha. Mwizi anaogopa kelele inayoamusha watu.

2. Tumeona baba na mama ya mutoto wa mbwa? Kama muuzaji anakataa kuwaonyesha, rudi nyumbani na makuta yako. Kama mzazi anachechemea ao anataka kula kila mutu anayepita, mutoto anaweza kurisi.

3. Mutoto wa mbwa iko na umri gani? Isiachishwe mama mbele ya juma 8. Kati ya juma la 3 na juma karibu 14 ndipo mbwa inajifunza nani ni rafiki. Ikifungwa peke yake kwenye giza wakati huo kusudi «ikuwe kali», itakuwa muoga, na itauma mutu yeyote.

4. Nani ni bwana wake? Andikeni jina la mutu mumoja wa kuilisha na kuifundisha, na mwingine wa kumusaidia akisafiri. Mbwa ya watu wote haina bwana.

5. Mchana itakaa wapi? Lupango yenye mulango mzuri ni bora kuliko mnyororo mufupi. Mbwa inayofungwa siku nzima inazidi ukali.

6. Bajeti iko? Hesabuni chakula ya mwaka mzima, dawa ya minyoo, na vaksini ya raje kuanzia miezi 3, kisha kuirudilia kama veterineri anavyoagiza.

7. Itazaa ao haitazaa? Jike moja inabeba mimba siku karibu 63. Ikizaa mara mbili kwa mwaka, watoto saba kila mara, ni watoto 14. Watakwenda wapi? Kama hamuna jibu, ulizeni veterineri wa teritware juu ya kuhasi.

Kwa wale ambao wamekwisha kuwa na mbwa ya mchanganyiko nyumbani: mbwa hiyo haina kosa, usiipige wala usiitupe. Ipeleke ivaksiniwe, usiipandishe, usiiache peke yake na watoto wadogo, hata watoto wako mwenyewe, na ifunge kamba ikitoka njiani. Ikianza kunguruma juu ya chakula ao kukodolea watu macho, usingoje iume njo utafute shauri.

Hatukatazi mutu kupenda mbwa. Mbwa nzuri ni mufanyakazi kama mwingine: inachaguliwa juu ya kazi, inafundishwa, inalishwa, na kuna mutu anayejibu juu yake. Pale hakuna mutu wa kujibu, afazali kununua kufuli ya pili na kumuongezea mulinzi wa usiku mwenzake.