Bukavu: Tanki ya tolueni inalindwa na presio ndogo, si kubwa

Katika muji wa Bukavu, ukitaja dawa ya malaria, wengi wanafikiria haraka kiwanda cha Pharmakina na magome ya kinkina, mti wa kwinini unaopandwa Kivu. Wachache wanafikiria kimiminiko kinachotumika kuitoa dawa ndani ya magome. Njia ya kawaida katika viwanda vya kwinini ni kusaga magome, kuyachanganya na chokaa na soda kali, kisha kuuosha unga huo kwa kiyeyushi kama tolueni. Tolueni ni jamaa ya diluanti ya wapaka rangi: harufu kali, na inashika moto upesi.

Hatari kubwa haiko ndani ya tolueni yenyewe. Iko katika nafasi inayobaki juu yake ndani ya tanki. Mvuke wake unaweza kulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.1 na 7.1 ya hewa. Bukavu iko kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari, na hewa yake inasukuma kwa milibari kama 850, wakati pwani ni 1,013. Kwa joto la nyuzi 20, mvuke wa tolueni unafikia milibari karibu 29. Gawanya 29 kwa 850: inatoka zaidi kidogo ya asilimia 3. Ni kusema, tanki yenye hewa ya kawaida, siku ya kawaida ya Bukavu, inangojea cheche tu. Tanki ya esansi, ajabu, mara nyingi ina mvuke mwingi kupita kiasi na moto unakosa oksijeni ndani yake. Mambo yanageuka mafuta yakimwagika nje, kama huko Sange, teritware ya Uvira, tarehe 2 Julai 2010, ambako lori la mafuta lilipinduka na moto ukaua watu zaidi ya 200.

Dawa yake ni kufunika tolueni kwa blanketi ya azoti, ile nitrojeni ambayo ni asilimia 78 ya hewa. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 9 hivi, mvuke wa tolueni hauwaki tena. Mafundi waangalifu wanaishusha zaidi, ili kubaki na akiba.

Kosa la wengi ni kufikiri kwamba presio kubwa ndiyo usalama. Milibari 10 ni sawa na maji ya sentimita 10 ndani ya ndoo, lakini kwenye kila mita ya mraba inasukuma kilo 100. Paa la tanki yenye upana wa mita 3 linainuliwa kwa kilo 700. Kwa hiyo vani zinapangwa kwa ngazi. Tuseme ya kuingiza azoti inafunguka presio ikishuka chini ya milibari 5, ya kupumulia nje inafunguka kwenye 12, ya dharura juu zaidi, na zote zinabaki chini ya kipimo kilichoandikwa kwenye bamba la tanki. Mbili za kwanza zikikaribiana sana, azoti inaingia huku na kutoka huku, na chupa zinaisha usiku mmoja.

Kwenye milima kuna mtego mwingine. Kipimo cha tanki kinapaswa kulinganishwa na hewa ya nje ya mahali pale pale. Fundi akitumia chombo kinachohesabu kuanzia sifuri kabisa, akanakili namba ya pwani, 1,013 na 10 juu yake, atakuwa ametia zaidi ya milibari 170 ndani ya tanki ya Bukavu. Paa lile lile litasukumwa kwa tani 12.

Upande wa pili ni kunyonywa. Jua la mchana linapasha tanki mpaka nyuzi 40, halafu mvua inashuka na kuirudisha kwenye 20. Tanki iliyofungwa kabisa inapoteza zaidi ya milibari 50, na hewa ya nje inaikandamiza paa kwa zaidi ya tani 3 na nusu. Anayeteremka kupitia Ngomo na chupa tupu ya plastiki, iliyofungwa vizuri Bukavu, anaikuta imeminywa akifika Uvira. Tanki ya chuma inafanya vilevile. Pampu nayo inanyonya: ikitoa mita za ujazo 10 kwa saa, azoti lazima iingie kwa kiasi hicho hicho, pamoja na ile ya kufidia baridi ya mvua. Na vani ya kuvunja mnyonyo haiwezi kukosekana, hata kama itaingiza hewa, kwa kuwa azoti inaweza kukatika.

Azoti haina harufu wala rangi. Watu wa Goma wanaijua mazuku, gazi ya mashimoni inayoua mbuzi na watu bila kelele. Ile ni gazi nyingine, ya kaboni, lakini anayeingiza kichwa kwenye mlango wa tanki yenye azoti anaweza kuzimia baada ya kuvuta pumzi mara moja au mbili, na anayemfuata kumwokoa anaangukia juu yake. Kabla ya mtu kuingia, bomba la azoti linakatwa na kuzibwa, mvuke wa tolueni unasafishwa kwanza kwa azoti, kisha hewa inapulizwa mpaka oksijeni irudi karibu asilimia 21, ikipimwa kwa chombo chini, katikati na juu.